Dakika za mwisho huyu jamaa ASISHIKE mpira, nimechoka jamani

Wakuu nimetoka Kidongo Chekundu sasa hivi, hata raba sijavua. Simtaji jina, ukisema tu "yule wa kudunda" wapenda kikapu wote wa Dar wanamjua.

Tuko nyuma pointi moja, zimebaki sekunde 12, kocha kaomba taimauti, na sheria ya FIBA (shirikisho la kikapu duniani) dakika mbili za mwisho inakuruhusu baada ya taimauti mpira urushiwe upande wa mbele, karibu na kikapu cha wapinzani, yaani nusu ya kazi imeshaisha. Pointigadi wetu, yule mchezeshaji wa timu, kapokea, katulia, jamaa huyo anakuja kumnyang'anya! Mwenzake wa timu moja! Na mkono anampungia "toka, toka" kama anafukuza kuku.

Akaanza kudunda. Kushoto, kulia, katikati ya miguu, jicho jukwaani anatafuta nani anarekodi. Kona ya kulia kuna mtu yuko peke yake, angeweza kufunga kamba za viatu akapiga na chafya. Benchi lote PASI, jukwaa PASI, mpaka muuza kashata kasema pasi. Jamaa anadunda. Mpira ukampiga mguuni ukatoka nje. Mguu wake MWENYEWE, hajaguswa na mtu!

Michael Jordan wa Chicago Bulls, fainali za NBA 1997 gemu ya 6 na Utah, kaona wamemfuata wawili, kampa mwenzake Steve Kerr, kikapu, ubingwa. Jordan huyo! Sasa wetu anayekosa hadi frithroo (mtupo wa bure) ni nani asiyetoa pasi? Tena mguu wake mwenyewe!! Gemu ikibana mpira ashike pointigadi, basi. Ile "toka toka" sitaisahau.

Majibu

Mzee wa Rebaundi: Mkuu kunywa maji kwanza. Wewe mwenyewe juzi ulikosa leyapu, ile ya kuweka chini ya kikapu kabisa, bila beki.

Kona ya Upanga: Nilikuwepo, na muuza kashata kweli alisema pasi 😂😂

Mleta uzi: Leyapu yangu ilikuwa robo ya kwanza! Huyu ni sekunde ya mwisho, mguu wake mwenyewe!

Babu Benchi: Mnamuonea, tatizo kocha. Taimauti nzima anatafuta kalamu ya kuchorea.

Dada Pointi Tatu: Bora nyie mna wa kudunda. Sisi senta wetu, mrefu hadi anainama mlangoni, anashinda kwenye mstari wa pointi tatu, rebaundi (mipira iliyokosa kikapu) nadaka mimi mfupi.

Mzee wa Rebaundi: Huyo senta si ndo yule hachangii hela ya refa?

Dada Pointi Tatu: Huyo huyo! Na jezi aliondoka nayo.

Babu Benchi: Msitaje jezi. Nani anamjua fundi wa uhakika Kariakoo? Wa kwetu namba 7 kaigeuza, refa anaita faulo anabaki kukodoa macho.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada, MGUU WAKE

Kona ya Upanga: Babu njoo PM nikupe namba ya fundi, ila usimlipe yote mapema.