Windows na Linux kwenye mashine moja: tupeane uzoefu, siku ulipowasha ikagoma

mzee_wa_grub
Wakuu salaam. Jana kijana wa jirani kaniletea laptopu anasema imekufa, nawasha naona skrini nyeusi, error: no such partition, chini yake grub rescue> basi, hakuna kingine. Kuna mtu alikuwa anamwongezea nafasi kwenye C, akaona patisheni, yaani kipande cha diski, haina herufi wala jina akaifuta, kumbe ndiyo Ubuntu yenyewe, ile Linux yake. Mashine ni ya zamani, BIOS (programu ya ndani inayoamsha mashine) ya kizamani, kipande kidogo tu cha GRUB, ile programu ya kuchagua uwashe mfumo upi, ndo kinakaa mwanzo wa diski, vingine vyote viko ndani ya Ubuntu, ukiifuta kile kipande kinabaki yatima. Windows ilikuwepo salama kabisa. Nikachomeka fleshi ya Windows, Repair, Command Prompt, bootrec /fixmbr, ikawaka. Nikakumbuka mengi. Humu najua mko wengi, hasa tangu Windows 10 iachwe kuhudumiwa Oktoba 14, 2025 na mashine zetu nyingi Windows 11 haizitaki. Mwageni.

pwani_moja
Mimi ni saa tu. Nikitoka Ubuntu nikaingia Windows saa imerudi nyuma masaa matatu. Fundi kabadilisha betri ya CMOS, ile ndogo inayotunza saa, hela kachukua, saa bado iko palepale.

dada_wa_teminali
Betri haina kosa. Ubuntu inaweka saa ya mashine kwa saa ya Greenwich, Windows inaisoma ileile ikiamini ni saa ya hapa, na sisi Afrika Mashariki tuko mbele masaa matatu. Ingia Ubuntu, andika timedatectl set-local-rtc 1

pwani_moja
Imekaa sawa. Ubarikiwe dada.

mweka_hazina
Ngojeni niwape yangu, moyo bado unadunda nikiandika. Mimi ndo nilikuwa natunza hesabu za kamati ya harusi ya mdogo wangu wa kike. Nani kaahidi, nani kalipa, nani katoa nusu, yote yako kwenye Excel ndani ya Windows, laptopu nilinunua used. Binamu yangu anayesomea kompyuta akaniwekea Ubuntu pembeni, ikakaa vizuri ila Wi-Fi ikagoma, akasema tuzime Secure Boot, ule ulinzi wa wakati wa kuwasha mashine, ili draiva ikubali, tukazima, Wi-Fi ikaja, tukashangilia. Jioni nataka kuingia Windows nitoe orodha maana kesho yake kuna kikao, napigwa na skrini ya bluu, BitLocker recovery, lile kufuli la diski la Windows, leta ufunguo, tarakimu 48. Ufunguo upi jamani, mimi BitLocker sijawahi kuiwasha. Tukarudi Ubuntu, diski tunaiona ina kikufuli, ukiibonyeza inataka namba zilezile. Binamu kashapaniki, kaingia BIOS kaona sehemu ya kufuta TPM, chipu inayotunza siri za kufuli, kafuta. Hapo ndo mlango wa mwisho ukafungwa, hata tuliporudisha Secure Boot haikukubali tena.

Huku simu za wajumbe zinaita. Shangazi anataka kujua kama mchango wake umeonekana. Asubuhi nikaenda duka nililonunulia, muuzaji ananiambia yeye anauza tu, mengine hayajui, nikavuta kiti nikakaa, nikamwambia leo sitoki. Kijana mmoja pale akaniuliza, dada, ulipoichukua ilikuwa imewashwa kwa jina la nani? Nikamtajia. Akasema hiyo ni imeili yake yeye ya kuanzishia mashine. Kumbe Windows ikianzishwa kwa akaunti ya mtandaoni, mashine nyingi zinafunga diski kimyakimya na ufunguo unakwenda kwenye akaunti ya aliyeanzisha! Akafungua simu, mashine za watu zimejipanga pale, tukalinganisha Key ID ya kwenye skrini ya bluu, herufi nane za mwanzo, yangu ipo. Akaanza kunisomea sita sita, makundi nane, ukikosea kundi inakukatalia hapohapo. Kundi la mwisho mkono unatetemeka, Enter, nembo ya Windows hiyo. Nililia pale dukani mbele ya wateja.

chuma_cha_kale
Pole sana dada. Harusi ilifanyika lakini?

mweka_hazina
Ilifanyika, kikao kilisogezwa siku moja tu.

pwani_moja
Na mchango wa shangazi ulionekana?

mweka_hazina
Ulionekana, alilipa wote.

uhuru_wa_penguini
Hii yote dawa yake ni kuachana na Windows. Futa, weka Mint, Linux nyingine, lala usingizi.

mchora_ramani
Kila uzi unasema hivyo. Mimi nachora nyumba za watu kwa AutoCAD, haina toleo la Linux, nikifuta Windows watoto wangu watakula Mint?

uhuru_wa_penguini
Kuna programu mbadala.

mchora_ramani
Mteja akinitumia faili lake likafunguka vipimo vimehama utakuja kumweleza wewe? Acha kuwaamulia watu kazi zao.

dada_wa_teminali
Jamani taratibu. Na kwa kisa cha dada hapo juu, wangeishia kwenye Secure Boot tu, kuirudisha na kuingia Windows moja kwa moja kwa menyu ya F12 wakati wa kuwasha, bila kupitia GRUB mara nyingi inafungua yenyewe. TPM ndo haiguswi.

chuma_cha_kale
Mimi Agosti 2024, baada ya lile apdeti la Windows lililozuia Linux za watu kuwaka, Ubuntu ikanitolea SBAT self-check failed na mashine ikajizima. Haikuwa mimi peke yangu, ilikuwa dunia nzima. Nilizima Secure Boot, nikaingia Ubuntu, sudo mokutil --set-sbat-policy delete, nikaristati, nikairudisha Secure Boot.

mchora_ramani
Na zimeni Fast Startup. Ikiwa imewashwa, Windows ukiizima haizimiki kweli, inalala nusu, ukija Ubuntu diski ya D unaisoma tu, kuandika haikubali. powercfg /h off, kwisha.

mgeni_jijini
Mimi menyu ya GRUB inaleta Ubuntu peke yake, Windows haipo.

dada_wa_teminali
Kuanzia Ubuntu 22.04 os-prober, inayotafuta mifumo mingine, inakuja imezimwa. Fungua /etc/default/grub, ongeza GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false halafu sudo update-grub.

pwani_moja
Au nunua SSD ya pili, kila mfumo na nyumba yake.

uhuru_wa_penguini
Laptopu nyingi zina nafasi moja tu ya SSD. Bora VirtualBox, uendeshe mfumo mmoja ndani ya mwingine.

mchora_ramani
VirtualBox kwenye RAM ya GB 4? Labda kama unataka kuchemshia chai.

mgeni_jijini
Windows imerudi kwenye menyu, asante dada. Ila kisa cha harusi kimenitia hofu, yangu pia ni used. Nimeandika manage-bde -status, inasema imefungwa asilimia 100, akaunti ya nani sijui. Naelekea dukani sasa hivi.

mweka_hazina
Usiende! Ukiwa bado uko ndani ya Windows ufunguo unautoa mwenyewe. Fungua Command Prompt kama Administrator, manage-bde -protectors -get C: na tarakimu zote 48 zitatokea. Andika karatasini, usiziache kwenye mashine hiyohiyo.

mgeni_jijini
Nimezipata. Nimeandika mara mbili, moja iko kwa mama watoto.