Arusha: mwenye dola anapewa gari zima, mwenye shilingi anapewa mkweche

Wakuu, nimekaa kimya wiki mbili nikisubiri amana yangu irudi kistaarabu. Haijarudi. Basi tuongee.

Wiki ya Sabasaba tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, shemeji yangu na rafiki yake. Tukakodi Land Cruiser yenye mahema mawili juu kwa siku sita. Kampuni iko Arusha, jina naliweka akiba kwanza. Njia ilikuwa Mto wa Mbu, Engaruka, Ziwa Natron, kupanda hadi Wasso, kuingia Serengeti kwa geti la Klein's, Seronera, Ngorongoro, kisha Karatu na kurudi. Njia hii hatukuitunga sisi. Wao ndio walioichora, kwenye karatasi yenye nembo yao. Shikeni hilo kichwani, nitalirudia.

Bei 420,000 kwa siku, jumla 2,520,000, na amana milioni moja juu yake. Mkataba unasema gari "lina vifaa vyote vya kambi".

Asubuhi ya kuchukua gari nikamwambia kijana wao tufungue mahema tuyakague. Akacheka. "Braza, mtachelewa bure. Halafu Mswahili na hema wapi na wapi, si mtaishia kulala gesti?" Nikamkomalia tukafungua moja. Zipu ya mlango imekufa, na ubavuni kuna mchano wa kuingia kiganja. Nikapiga picha. Akasema hiyo ndogo, watashona tukirudi. Na sisi kwa uchu wa safari tukaondoka. Hapo kosa langu, nalikubali.

Engaruka kwenda Natron mliopita mnaijua. Vumbi la majivu, mawe yenye ncha, makorongo ya mchanga, na Ol Doinyo Lengai imesimama mbele yenu kama pia iliyopinduliwa. Lava ya mlima ule hutoka nyeusi, ikishapata unyevu inageuka nyeupe, ukiwa mbali unaweza kuapa kwamba ni theluji. Nilikuwa namweleza shemeji habari hiyo ndipo tairi la nyuma likapasuka.

Jeki ipo, mkono wa jeki haupo. Spana ipo, hainasi nati. Spea kipara, waya zinachungulia. Mtandao wa simu hakuna. Tulikaa juani saa tatu mpaka wakatokea layoni wawili, vijana wachungaji wa Kimasai, na ng'ombe wao. Mmoja akakimbia kumwita kaka yake mwenye pikipiki, kaka akaja na sururu na spana yake mwenyewe. Tukapanga mawe chini ya ekseli, tukachimba chini ya tairi mpaka likaning'inia, tukabadilisha. Hawakudai hata shilingi, tukawapa wenyewe. Wenye kampuni wangepelekwa kwa hawa vijana wakafundishwe kazi.

Engare Sero, kijiji cha kando ya Ziwa Natron, tuliingia usiku tumechoka kama punda. Kupanda Lengai huanza usiku wa manane ili jua likuchomozee juu, basi hiyo tuliisahau. Flamingo tuliwaona asubuhi kwa mbali, mstari wa waridi tu kwenye maji, halafu mbio Wasso kutafuta tairi. La mtumba, 280,000 kutoka mfukoni mwangu. Klein's tukafika geti limeshafungwa, tukalala kijijini nje. Siku nzima ya Serengeti ikaenda hivyo.

Friji likafa siku ya pili, nyama ikaharibika. Gesi ikaisha siku ya tatu, kumbe tulikabidhiwa mtungi nusu. Seronera tulilala kambi ya Pimbi. Kambi za umma kule hazina uzio, na jiko limezungushiwa wavu: watu mnapika ndani, nyani wanabaki nje wanawaangalia. Uzuri wa kule ndio huo, na hifadhi sina neno nayo. Lakini jaribu kulala kwenye hema lililofungwa kwa khanga na pini, fisi wanacheka chini ya gari, simba anaunguruma huko gizani hujui umbali gani. Mke wangu hakufumba jicho. Mpaka leo nikitaja kambi ananiangalia tu.

Sasa sikilizeni la Ngorongoro. Kambi ya Simba iko ukingoni mwa kreta, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na Julai baridi yake inaingia mpaka kwenye meno. Pembeni yetu wakaegesha Waholanzi wawili, mtu na mkewe. Gari la kampuni ileile, nembo ileile mlangoni. Mahema mapya, magodoro manene, mablanketi, friji linaguruma, spea mbili zenye meno. Yule bwana akatukaribisha chai, tukalinganisha risiti. Tofauti ya bei kwa siku haifiki elfu kumi!

Nikapiga simu ofisini palepale. Nikajibiwa, namnukuu: "Unajua bosi, wale wageni wakirudi kwao wanaandika maoni mtandaoni."

Haya. Na mimi naandika.

Tukarudisha gari, amana yote ikaliwa. Hema kuchanika, 600,000 (picha ya siku ya kwanza ninayo, ina tarehe na saa). Kuosha gari, 100,000. Na hii ndiyo iliyonipandisha presha: 300,000 kwa "kupita barabara isiyoruhusiwa na mkataba", yaani Engaruka hadi Natron. Ile waliyoichora wenyewe. Nikamwekea meneja karatasi yao mezani, akasema huo ulikuwa ushauri tu.

Naomba msaada kwa mwenye uzoefu: hili naanzia Tume ya Ushindani au niende mahakamani moja kwa moja? Mkataba ninao, picha ninazo, karatasi ya njia ninayo, risiti ya tairi ninayo. Na wale wa "ungekodi kwa mtu unayemjua", nawaomba mpite kimya.

NYONGEZA saa 3 usiku: Wamenipigia. Uzi wameuona. Wanasema wapo tayari kurudisha nusu nikiufuta. Nimewauliza nusu ya amana, au nusu pamoja na tairi? Wamekata simu.