Vijiti vya kompoziti vinanipa namba zinazopishana mno, shida iko wapi?

mwanameno_dar
Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa mwisho udaktari wa meno hapa Dar, risechi yangu ni ya uimara wa kompoziti, ile dawa nyeupe ya kuzibia meno. Nimechukua aina mbili nataka nione ipi inastahimili zaidi kabla haijavunjika. Nafuata kiwango cha ISO 4049, yaani kijiti cha milimita 25 kwa 2 kwa 2, najaza kwenye moldi ya chuma, napiga taa ya bluu, naloweka kwenye maji ya nyuzi 37 kwa saa 24 halafu nakipeleka kwenye mashine kule kwa mainjinia, kinakaa juu ya nguzo mbili kinabonyezwa katikati mpaka kikatike. Sasa dawa ileile, siku ileile, kijiti kimoja kinatoa megapaskali 120 (kipimo cha uimara) kingine 70 na ushee, na kiwango kinataka isipungue 80 kwa dawa ya kuziba sehemu ya kutafunia. Supavaiza kasema niongeze sampuli, ila moyo hautulii, naona nitakuwa narundika namba nisizoziamini. Ni dawa au ni mkono wangu? Na hii ndo dawa wagonjwa wanawekewa kila siku, ile ya zamani yenye zebaki inapunguzwa tangu mkataba wa Minamata wa 2013, so nataka nitakachoandika kiwe cha kweli.

fundi_maabara
Pole mdogo wangu, usiilaumu dawa kwanza. Vile vipande vilivyovunjika umevitupa au unavyo? Kama unavyo chukua kile cha 70, weka kwenye darubini uangalie pale kilipokatikia, upande wa chini ambao ulikuwa unavutwa. Mara nyingi utakuta kitundu cha hewa, kiduchu hata kwa macho hukioni vizuri, na ufa umeanzia hapohapo ukasambaa. Ukijaza moldi kwa vitonge vidogovidogo kila tonge linaingia na hewa yake. Chukua tonge moja refu, liingize kwa mara moja, funika na ile karatasi ya plastiki angavu juu na chini halafu gandamiza na kioo mpaka ziada itoke pembeni. Plastiki hiyo pia inazuia oksijeni, maana uso ulioachwa wazi haugandi vizuri unabaki unanata.

Halafu vipimo. Kwenye ile fomula kimo cha kijiti kinazidishwa chenyewe kwa chenyewe, kwa hiyo kijiti cha milimita 2.1 ukikiandika 2.0 umeshaongeza asilimia 10 hewani bila dawa kufanya chochote. Usisome moldi, pima kila kijiti kwa maikromita katikati pale, na kabla ya hapo toa zile kingo za ziada kwa msasa laini namba 320, taratibu, usikwaruze upande wa chini.

dr_kariakoo
Fundi kamaliza la mkono, mi naongeza la taa, maana hapo ndo naona watu wengi wanaumia, maabara na kliniki pia. Dada au kaka, taa yako inatoa miliwati ngapi kwa sentimita ya mraba, umeipima kwa rediometa, kile kipima mwanga, au unaamini maandishi ya kwenye boksi? Taa ya 1000 kwa sekunde 20 inatoa jouli 20, ya 400 kwa sekunde zilezile inatoa 8 tu, na kwa macho zote ni bluu huoni tofauti. Angalia na ncha ya taa, ikiwa na dawa iliyogandia pale mwanga unapungua. Na ncha ni ndogo kuliko kijiti, kwa hiyo unaanza katikati, unasogea huku na huku ukipandishia nusu ya duara la mwanzo, ukimaliza unageuza upande wa pili. Ukiruka pahala hapo patakuwa laini, na paleee ndo pataachia.

mwanameno_dar
Asanteni sana. Dr, ni dada hapa 🙂 ncha ni milimita 8, rediometa hatuna ila kuna kliniki naweza kuazima. Moldi najaza kwa vitonge kweli. Chumba hakina kiyoyozi, mchana dawa inakuwa laini inanata kwenye spachula, hiyo nayo ina shida?

kemia_na_meno
Inayo dada. Ikilainika inang'ang'ania chuma, unavuta vuta, hewa inaingia tena. Dawa nyingi zinataka zitunzwe chini ya nyuzi 25, we ziweke kwenye friji ila zitoe mapema zirudi kwenye joto la chumba ndo ujaze. Na usiiache wazi chini ya taa ya dari, ndani mna kamforokwinoni ambayo inanasa mwanga wa bluu wa karibu nanomita 468, ikiupata tu inaanza kazi, hata mwanga wa chumba unatosha kuianzisha polepole.

Ujue unachovunja ni nini. Rezini yenyewe asili yake ni Bis-GMA ya Rafael Bowen, Mmarekani, hati miliki yake ni ya 1962, nzito mno ndo maana inachanganywa na TEGDMA, rezini nyepesi, ili ichanganyike na unga wa kioo. Ni kama zege, rezini ndo saruji na unga ndo kokoto, ila hapa kokoto zimepakwa sileni ili zishikane na saruji. Hata ukipiga taa vizuri sio kila molekuli inaungana, ni kama nusu hadi robo tatu, na muungano unaendelea baada ya kuzima taa. Kwa hiyo hizo saa 24 ziwe sawa kwa vijiti vyote, kijiti cha Ijumaa kikivunjwa Jumatatu usikiweke kundi moja na wenzake.

Kuhusu namba kupishana, kitu kinachokatika kama kioo lazima kipishane kiasi, hata mkono uwe mzuri vipi. Usiishie kwenye wastani, tumia hesabu za Weibull, zinakuonyesha dawa ipi inatabirika na ipi inakushtukiza, na kwa mgonjwa hiyo ina maana kubwa kuliko wastani. Vijiti kama 30 kwa kila aina vinatosha kwa hilo.

mwanameno_dar
Na zile za 70 nizitoe kwenye data?

fundi_maabara
Hapana, usitoe namba kwa sababu ni ndogo. Weka sheria kabla ya kuvunja: kijiti chenye kitundu kinachoonekana kinaondolewa kabla hakijaenda kwenye mashine, na uandike umeondoa vingapi. Kikishavunjwa kinabaki kwenye data, hata kama darubini baadaye itaonyesha hewa, hiyo unaielezea kwenye majadiliano. Ila kwa vile unabadilisha ujazaji na taa, hizi za sasa ziite majaribio ya awali, anza seti mpya kwa aina zote mbili. Kaazime rediometa kesho, ukipima weka namba hapa.