True Detective msimu wa nne: kweli hamkuwaona wale wafanya usafi?

BintiPangani
Habari zenu wakuu. Natoboa hadi mwisho, kwa hiyo ambaye hajamaliza Night Country, huu msimu wa nne wa tamthilia ya upelelezi True Detective, aishie hapa.

Wikiendi hii nimeirudia yote, sehemu sita, ni mara ya tatu tangu itoke Januari 2024. Bado kila nikiitaja kwa watu naambiwa wauaji, wale wanawake wa usafi, "wameibuka tu mwishoni, hawakuwepo kwenye hadithi". Swali langu ni moja. Kweli hamkuwaona?

Naishi Tromsø, kaskazini mwa Norway, huu mwaka wa saba. Kazi yangu ni usafi wa ofisi, zamu ya usiku. Jua la huku linaaga mwishoni mwa Novemba na halirudi hadi katikati ya Januari. Saa sita mchana unapata mwanga wa bluu, kama alfajiri ya Pangani kabla ngalawa hazijarudi, na ikifika saa nane umekwisha. Siku jua linaporudi watu wanakula maandazi yenye jemu ndani, na nimewahi kumwona mtu mzima akilia huku anakula. Kwa hiyo anayesema giza la Ennis, mji wa Alaska wa hadithi hii, limetiwa chumvi, tusibishane.

Ila nilichokuja kusema ni kazi. Kuna bwana mmoja, nikifika mezani kwake anainua miguu nipitishe dekio, na simu haikati. Najua mkewe anadai nyumba. Najua nani ataachishwa kazi mwezi wa tatu. Si kwamba ananiamini, hanioni.

Sasa twende Tsalal, kituo cha utafiti. Wanasayansi wametoweka. Danvers, mkuu wa polisi, anaingia, anaikagua sandwichi, anaangalia mayonesi ilivyoyeyuka, ananusa nguo zilizobaki kwenye mashine ya kufulia, anapiga hesabu wameondoka lini. Kichwa kikali kweli, na Jodie Foster anaicheza vizuri mno. Lakini kituo cha wanaume peke yao katikati ya barafu, sakafu safi, mashuka yamefuliwa, na swali la nani anadeki pale linakuja sehemu ya sita! Nguo za marehemu zimekutwa kwenye barafu zimekunjwa. Nilipoiona mara ya kwanza nilisema kwa sauti, peke yangu sebuleni: huyu ni mwanamke wa kazi. Mkono uliozoea kukunja hukunja hata ukiwa na hasira.

Niambieni mlikuwa mnaangalia wapi.

Kibatari_wa_Moro
Dada, nguo nakupa. Lakini mwandishi alikuwa na sehemu sita tu, msimu wa kwanza ule wa 2014 ulikuwa na nane, na humo ndani kajaza mizimu, dubu wa jicho moja, chungwa linalojirudisha lenyewe. Upelelezi wenyewe unabaki kiduchu. Ulimi uliookotwa sakafuni pale kituoni aliuweka nani? Hatukupewa jibu la kueleweka.

Na kilichoniuma zaidi ni kumtembeza Travis Cohle, baba yake Rust, yule mpelelezi wa msimu wa kwanza, ili sisi tuliompenda McConaughey tupige makofi. Halafu Clark, mmoja wa wanasayansi, anayasema maneno ya Rust kule Louisiana ya muda kuwa duara. Yale yalikuwa na uzito kwa sababu Rust alikuwa ameyalipia kwa maisha yake. Huyu kayaokota wapi? Mimi nimeangalia misimu yote, hata ule wa pili wa California ambao kila mtu anautukana, na ninasema huu ndio ulionichosha.

BintiPangani
Kaka, la Clark tuko pamoja. Hata mimi nilikunja uso. Issa López alikuwa na hadithi yake kamili, hakuhitaji kuazima. Na ile alama ya mzunguko kwenye paji la uso la marehemu nayo ingeweza kukaa bila jina la Tuttle, la msimu wa kwanza, kutajwa.

Mizimu siitetei wala siipingi. Nilikulia nyumba ambayo bibi alikuwa anapiga hodi kabla ya kuingia chumba kitupu, hainisumbui. Ila ukisema upelelezi ni kiduchu nakukatalia. Kule mwishoni Danvers anamulika mfuniko wa shimo la kushukia chini ya kituo na kinaonekana kiganja chenye vidole pungufu. Ni cha Blair, mmoja wa wale wanawake, na Blair tulishamwona tangu sehemu ya kwanza.

Mchimbaji_Mstaafu
Mimi nimekaa karibu na migodi ya dhahabu Kanda ya Ziwa zaidi ya miaka kumi. Sitasema mgodi gani. Kilichonishika si mauaji. Ni ule mji ambao nusu ya watu wanakula mshahara wa Silver Sky, mgodi wa pale, na nusu wanachota maji meusi bombani, na wakati mwingine ni nyumba moja. Leah anaandamana huku polisi wa kumkamata ni mama yake wa kambo, Danvers. Hilo halikutungwa na mtu asiyejua.

Na Annie, aliyeuawa na wale wanasayansi, alikuwa mkunga. Mkunga ndiye anayezijua habari za maji kabla ya maabara yoyote, kwa sababu watoto wanaozaliwa wafu wanapita mikononi mwake. Kumbe wale wanasayansi ndio walioutaka mgodi uchafue zaidi ili ardhi iliyoganda ilegee wachimbe kwa urahisi. Pale nilisimamisha nikatoka nje kidogo.

Wakili_Msomi2
Naheshimu hisia zenu, lakini nani atalisema hili? Wanawake wamebeba bunduki, wamewavua nguo wanaume, wamewasukuma kwenye barafu wakafa. Askari wawili, Danvers na Navarro, wanalijua, wanaacha taarifa rasmi iseme ni maporomoko ya theluji. Hapa kwetu tukisoma gazetini "wananchi wenye hasira kali" tunalaani, na tunafanya vyema kulaani, maana nimeshasimama na familia ya kijana aliyechomwa kwa simu ambayo hakuiiba. Kwa nini wa Ennis tuwapigie makofi?

BintiPangani
Msomi, hili nimelala nalo siku mbili kabla ya kukujibu.

Sikupiga makofi. Bee, mfanya usafi, alipokuwa anasimulia, wamekaa pale na chai, sauti yake haipandi, niliogopa, kwa sababu nilijiuliza ningeambiwa "panda gari, twende" ningebaki. Sidhani ningebaki. Na wewe una haki kwamba katika wale wanaume hatukuonyeshwa nani alisita, nani alishika kisu kwa mkono upi. Kijana wako wa simu naye hakupewa nafasi hiyo.

Tofauti ninayoiona ni kwamba wa Ennis hawakukurupuka. Annie ameuawa, miaka inapita, Navarro amefukuzana na jalada hadi likamgharimu, na Hank, askari mwenzao, ndiye aliyeuhamisha mwili. Wale kina mama wangempelekea nani habari? Si kusema ni halali. Hata Danvers hasemi ni halali. Anasikiliza hadithi, anauliza kidogo, anaondoka, na Foster ule uso wake pale si wa mtu aliyepata nafuu.

Kibatari, wewe nakuomba kitu kimoja. Rudia sehemu ya kwanza, pale kwenye kiwanda cha kaa. Mwanamume amempiga Blair, na kabla Navarro hajafika, ameshaangushwa. Angalia ni nani aliyemwangusha, na alitumia nini. Ni Bee, kwa ndoo.

Kibatari_wa_Moro
Nimeirudia. Dakika zile nilikuwa nimeenda jikoni.