Mjadala: Limbo na wenzake, ni magemu au picha za kutazama tu?

Mwanzisha mada: Wakuu, jana usiku nimemaliza Limbo kwa mara ya tatu, taa nimezima. Mdogo wangu akachungulia, akauliza: "Sasa hapo unacheza nini? Unakwenda kulia, unaruka, unakufa." Nilikosa jibu.

Kwa asiyelijua, ni gemu la mwaka 2010 kutoka Playdead, studio ya Copenhagen, Denmark. Mtoto wa kiume anaamka msituni, anamtafuta dada yake. Rangi ni nyeusi, nyeupe na kijivu. Hakuna anayesema neno, hakuna pointi, hakuna roho za kuhesabu kila ukifa. Unatembea, unaruka, unashika vitu, basi.

Msimamo wangu: ule weusi si pambo. Kwa kuwa unaona vivuli tu, mtego wa chuma na majani vinafanana. Unaukanyaga, kichwa kinaruka, unarudishwa hatua chache nyuma, na safari hii unatazama chini. Lipake rangi na mitego yote itaonekana toka mbali, gemu limekwisha. Anayepinga aje.

Mzee wa Kaseti: Napinga nusu. Msituni sawa, hasa pale kwa yule buibui mkubwa, unapomtegea ule ule mtego uliokuwa unakuua wewe. Lakini akishaondoka buibui, msitu unaisha, inaingia misumeno na mashine, mara juu kumekuwa chini, na hofu yote imepotea. Imebaki hesabu ya fizikia iliyozimiwa taa. Tena lilitoka kwa dola 15, na unalimaliza kwa saa tatu au nne! Mario ya kaseti tuliicheza likizo nzima, na picha zake zilikuwa vibao vya rangi tu.

Binti Kanga: Kaka, gemu halipimwi kwa saa kama mafuta ya taa kwa kibaba. Mimi nilicheza Gris, la Nomada Studio ya Barcelona, 2018, michoro ya Conrad Roset. Msichana amepoteza sauti yake na dunia imekuwa kijivu, kisha rangi zinarudi moja moja: nyekundu, kijani, na kuendelea. Hafi hata mara moja. Nililicheza baada ya msiba nyumbani, na ilipoingia ile nyekundu niliiweka pedi ya kuchezea chini nikalia. Kwa hoja ya mwanzisha mada, langu si gemu, maana halina kifo cha kunifundisha?

Mwanzisha mada: Pole sana, dada. Sikusema lazima kufa, nilisema picha ifanye kazi. Lile gauni lake linalogeuka tofali zito ili upepo usimpeperushe, hilo linafanya kazi. Ila kuna sehemu ndefu unashikilia kitufe cha kulia tu, unatazama mandhari kama abiria wa dirishani. Hapo mdogo wangu ana haki.

Mzee wa Kaseti: Na uzuri unaokuzuia kucheza je? Ori and the Blind Forest, 2015. Pale maji yanapopanda ndani ya mti nawe unakimbilia juu, vitu vinang'aa kila kona hata miiba siioni. Nimekufa mle hadi nikaacha kuhesabu. Ukiniuliza, mchoraji ndiye aliyeniua.

Fundi Spika: Mnabishania macho tu. Aliyetengeneza sauti za Limbo, Martin Stig Andersen, kwenye gemu la Inside la 2016, la studio ile ile, alipitisha sauti kwenye fuvu halisi la binadamu ndipo akazirekodi, zisikike kama zinatoka ndani ya kichwa chako mwenyewe. Mwanzisha mada, nenda pale kwa buibui, zima sauti kabisa, cheza, kisha rudi hapa utuambie kama ni ule weusi uliokuwa unakutisha.

Mwanzisha mada: Nimetoka huko sasa hivi. Buibui kaniua mara mbili, wala sikushtuka.