Nimeacha wanga siku 9, natetemeka na kutoka jasho: niongeze chumvi au nivumilie?

Mleta uzi: Wakuu, habari. Leo siku ya 9 sijagusa wali, mkate, viazi wala matunda. Mzani umeshuka kilo 3.5. Shida ni moja: kila ikifika saa tano asubuhi mikono inatetemeka, jasho linanitoka, moyo unakwenda mbio. Nasikia mwili unazoea ketoni (nishati inayotengenezwa kutoka kwa mafuta wanga ukikosekana) na dawa yake ni chumvi. Kiasi gani? Kuacha siachi, hilo tusijadili.

Ndubwi: Kula kwa kiasi. Ulafi unatumaliza, halafu tunatafuta njia za mkato.

Kunde_Kavu: Mimi nauliza nyuzinyuzi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilisema mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Bila nafaka, kunde wala matunda utazitoa wapi? Choo unapata?

Mleta uzi: Choo si mada.

Mzani_Bapa: Chai hii. Kilo moja ya mafuta mwilini ni kama kalori 7,700. Kilo 3.5 ni karibu 27,000, yaani upungufu wa 3,000 kila siku kwa siku 9. Subirini ukurasa wa pili atuuzie unga wa kupunguza tumbo.

Gramu_kwa_Gramu: Hesabu iko sawa, ila kilichotoka si mafuta matupu. Ini huweka akiba ya glaikojeni (sukari ya akiba mwilini) kama gramu 100, misuli kama 400, na kila gramu hushika maji kama gramu 3. Akiba ikiisha, kilo 2 zimekwenda nayo. Insulini ikishuka, figo nazo hutoa chumvi na maji. Ushauri wa chumvi umetokea hapo. Lakini chumvi ikipungua utasikia kizunguzungu ukisimama ghafla. Jasho na mtetemo wa saa ileile kila siku ni jambo jingine. Unatumia dawa gani?

Mleta uzi: Dawa inahusiana nini na chakula?

Gramu_kwa_Gramu: Jibu kwanza.

Mleta uzi: Glibenklamidi 5 mg, asubuhi na jioni. Ya sukari. Ila tangu jana nameza nusu, kwa hiyo nimeshajirekebisha. Jana nilipima sukari ya damu nikapata 3.2 mmol/L.

Mzani_Bapa: Mwanzo hukuwa na kisukari, sasa unacho na kipimo juu. Na kwa 3.2 ungekuwa umezimia. Chai inazidi kukolea.

Gramu_kwa_Gramu: 3.2 si lazima imzimishe mtu. Chini ya 3.9 sukari imeshuka, chini ya 3.0 ndipo akili huanza kuvurugika. Iwe kweli au chai, kuna atakayesoma uzi huu akiwa na kidonge hichohicho mkononi.

Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, umekula usile. Dozi yako ilipangwa kwa mlo wako wa zamani. Umeuondoa wanga, insulini imebaki inashusha sukari ya damu. Kukata nusu kwa kubahatisha hakutoshi, maana nguvu yake hufika hata siku nzima, na figo zikiwa dhaifu hupitiliza. Mpigie aliyekuandikia leo, umtajie gramu za wanga unazokula.

Mtetemo ukianza, pima. Ikiwa chini ya 3.9, koroga gramu 15 za sukari kwenye maji, vijiko vinne vidogo vya bapa, unywe. Pima tena baada ya dakika 15, haijapanda, rudia. Ikishapanda, kula kitu chenye wanga, la sivyo itashuka tena. Chokoleti hapana, mafuta yake huchelewesha sukari.

Kunde_Kavu: Anayetumia akarbozi, dawa nyingine ya kisukari, asitegemee sukari ya mezani, dawa hiyo inazuia isivunjwe. Atumie glukosi. Na wenye vidonge vya kisukari ambavyo majina yake huishia na "gliflozini" wasikate wanga kienyeji: asidi ya ketoni inaweza kupanda huku kipimo cha sukari kikionekana kizuri. Kichefuchefu, kutapika, kuhema haraka: hospitali.

Mleta uzi: Nikinywa sukari si natoka kwenye ketoni? Siku 9 zote bure?

Gramu_kwa_Gramu: Gramu 15 ni kalori 60. Mafuta uliyopunguza hayarudi kwa hizo. Umepima sasa?

Mleta uzi: 3.4. Haya, nimekoroga vinne.

Ndubwi: Vya bapa au vya kilima?

Mzani_Bapa: Umekunywa saa ngapi? Dakika 15 zikitimia leta namba hapa.