Nikiolewa tena watanichukulia mtoto?

bintilangoni
Asalam alekum jamani. Niko Lamu, mtalaka wangu karudi kwao Malindi, mtoto wetu ana miaka 5 nakaa naye mimi. Sasa nimeposwa, habari zishafika Malindi, na mawifi wa zamani kila siku simu eti nikiolewa tu wanakuja kumchukua, dini imesema. Na matumizi yenyewe mwezi huu yaja, mwezi ujao hamna, mpaka nikamkatia kuongea na mtoto. Kweli wataweza? Silali mie.

mzee_wa_baraza
Waalekum salaam mwanangu. Kwetu Mashafii, sisi wa madhehebu ya Imam Shafii, mama akiolewa na mtu asiye jamaa ya mtoto hadhana, yaani haki ya kukaa na mtoto na kumlea, yamtoka, hapo hawakudanganya, lakini wamekukatia habari katikati. Haiendi kwa baba moja kwa moja, yaenda kwa bibi mzaa mama. Mamako yu hai? Kisha mtoto akifika kama miaka 7, akili ishaingia, huulizwa mwenyewe amtaka nani.

Pwani254
Na pia tuko Kenya jamani. Katiba kifungu cha 53 maslahi ya mtoto ndo ya kwanza, na jukumu la kumlea ni la wazazi wote wawili sawasawa wawe wameoana au la, na kuna Sheria ya Watoto ya 2022. Ukifika korti wataangalia mengi, analala wapi, anasoma wapi, huyo mume mpya ni mtu wa aina gani, si kuolewa tu basi. Nenda kwa afisa wa watoto mwandikishane makubaliano. Mawifi hao waache wapige kelele, wa kuzungumza nawe juu ya mtoto ni baba, si wao. Akija mtu kumbeba kwa nguvu piga 116, simu ya msaada wa watoto, ni bure.

baba_wawili
Dada usinichukie lakini kwa simu umekosea. Pesa ni jambo moja, mtoto kumuona babake ni jambo jingine. Mdai matumizi, hata kortini, ila usimzuie mtoto. Mie yalinikuta, nikaacha hata kutuma kwa hasira, ujinga wangu pia. Tulipoandikishana tuliandika mpaka nauli, likizo namfuata mwenyewe Mokowe, pale gatini bara boti za Lamu zinaposhukisha, boti juu ya mama, basi juu yangu, siku ya kurudi ishatajwa. Ugomvi mwingi ulikuwa hapo tu kwenye nauli 😂

bintilangoni
Mama yu hai alhamdulillah, nyumba ya pili tu. Jioni nimempa mtoto simu, wameongea samaki nusu saa nzima hata hawakuniuliza mie. Jumatatu naenda kwa afisa, na hiyo ya boti lazima iandikwe.